Nani Atajua Kwamba Haumo Msafarani?



Somo: Luka 2:41–52

Kijana mwenzangu, katika karne ya 19 misafara ya kati ya Tabora na pwani ilipita hapa Kigwa. Kwa vijana wengi wa Kinyamwezi, kufika pwani na kurudi kulikuwa alama ya kuwa mwanaume. Njiani kulikuwa na njaa, ndui na vita. Lakini walitembea na watu wa kwao, na wadogo walibeba mizigo midogo.

Leo misafara ile haipo, ila hamu ipo: pikipiki usiku, kubeti, kutorokea machimboni. Hamu ya kuthubutu si dhambi. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kutuzuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, wakati hamu ya msisimko imeshawaka. Na tukiwa na wenzetu, breki zinalegea zaidi.

Nikiwa kidato cha tatu nilitoroka usiku kwenda kuangalia mechi. Tulipanda pikipiki watatu, bila kofia ngumu. Tukaanguka. Baba alipofika aliuliza, "Umeumia wapi?" Kisha, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema niliogopa angenikataza. Akajibu, "Pikipiki ningekukataza. Mpira tungeenda wote."

Yesu alikuwa na miaka 12. Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakidhani yumo msafarani. Walipogundua hayumo, walirudi wakamtafuta, wakamkuta hekaluni siku ya tatu. Maria hakunyamaza, aliuliza. Yesu naye alijibu. Kisha akarudi nao Nazareti, akawatii.

Hapo kuna fundisho kwa pande zote mbili. Wazazi, msidhani tu kwamba mtoto yumo. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016), anakumbusha kwamba kujua mtoto alipo kimwili hakutoshi, lazima kujua moyo wake uko wapi. Nasi vijana tukumbuke: mzazi hujua mengi zaidi tunaposema wenyewe kuliko anapotupeleleza. Ila anayepokelewa kwa fimbo kila akisema ukweli, atajifunza kuficha.

Kama nyumbani hakuna wa kumwambia, mtafute mtu mzima unayemwamini: shangazi, mjomba, katekista, mlezi wa VIWAWA.

Zoezi la wiki: Mwambie mtu huyo jambo moja unalopanga, kabla hujalifanya.

Tuombe: Ee Yesu, uliyekua Nazareti chini ya Maria na Yosefu, utupe ujasiri wa kuthubutu mema na unyenyekevu wa kusema tuendako. Amina.