Nyimbo za Kuchangamsha Moyo Siku za Masika

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka, tangu Machi hadi Mei, mvua za masika hutufungia ndani. Jua halionekani, nguo hazikauki, na mtu hujiinamia barazani hataki kusema na mwenziwe. Na siku hizo ndizo za kupanda miche ya mikarafuu. Mche usiposhika mizizi ardhi ingali na maji, jua likija huukausha. Kwa hivyo huzuni ya masika si jambo la mtu peke yake; ni jambo la shamba pia.

Somo letu leo ni dawa isiyouzwa dukani, nayo ni muziki.

Dawa hii si ngeni. Mjini Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid II alijenga hospitali iliyomalizika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliandika katika karne ya 17 kwamba wapigaji ala walikuwa wakiwatumbuiza wagonjwa humo mara tatu kwa wiki. Na mwaka 2011 wataalamu wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mtu asikiapo wimbo aupendao, ubongo wake hutoa dopamini, ile ile itokayo apatapo chakula kitamu. Sisi tuna neno taarab, litokalo katika Kiarabu, na maana yake ni moyo kutikisika kwa sauti nzuri.

Basi itumiwe vipi?

Kwanza, tusianze na ngoma ya harusi. Mwenye moyo mzito akipigiwa ngoma kali huudhika tu. Daktari Ira Altshuler wa Marekani alieleza katika mwaka 1948 kwamba muziki uanzie pale ulipo moyo wa msikilizaji, kisha upandishwe kidogo kidogo. Tuanze na udi wa taratibu, tufuatishe wimbo wa wastani, tumalizie na kidumbaki.

Pili, tuimbe wenyewe. Kuimba hurefusha pumzi, na pumzi ndefu hutuliza moyo. Tena wakipalilia wawili kwa wimbo mmoja, jembe hufuata mapigo na kazi haichoshi.

Tatu, tuchague wakati. Asubuhi kabla ya kutoka shamba ndiyo yafaa zaidi. Adhana ikisikika, redio au simu izimwe. Na asiyependa ala asijione ametengwa. Kasida kwa dufu au kwa sauti tupu humfaa vile vile.

Nne, tusikilize pamoja. Jirani aliye peke yake aitwe barazani, apewe na kikombe cha chai.

Lakini tusidanganyane. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali chakula, wala hafurahii lolote, huyo apelekwe hospitali. Nyimbo humsaidia daktari, hazishiki mahali pake.

Miche ipo, mvua ipo. Tuchangamke tukaipande.

Wasalaam,
Katibu wa Chama