Aqua Inanguruma na Petroli Haikai: Anzia Hapa Kabla ya Kununua Betri

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo Toyota Aqua za mwaka 2012 zilizoko huku Tuala zililetwa zamani na zimekula vumbi letu kwa miaka. Yangu ni mojawapo. Ilipoanza kuvuma nyuma ya kiti na kushuka kutoka kilomita 20 kwa lita hadi 15 hivi, kila niliyemuuliza alisema betri kubwa ya haibridi imekufa, na hakuna aliyekuwa amepima chochote. Utaratibu ulionisaidia ni huu.

1. Pima petroli kwa uhakika

Jaza tangi hadi pampu ikate, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha safari zako za kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita. Usijilinganishe na kilomita 35.4 kwa lita zilizotangazwa Japani. Hizo zilipimwa maabarani. Linganisha gari lako na lilivyokuwa lenyewe.

Pima pia upepo wa magurudumu asubuhi, kabla hujatoka. Kagua na breki: mvua ikinyesha, udongo mweusi wa huku hujibana kwenye breki na kukaukia humo. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa diski. Rimu moja ikiwa na joto kupita zote, breki hiyo inashika, na petroli inapotelea hapo.

2. Sikiliza kelele inatoka wapi, na saa ngapi

Mlio wa kukwaruza unaopanda na mwendo, hata injini ikiwa imezima, ni wa beringi au breki.

Injini ikitikisika na kugonga asubuhi, kisha ikatulia, inamisi. Angalia plagi na koili, halafu kiwango cha kulanti. Kulanti ikipungua bila kudondoka chini, huenda inaingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi. Wenye Prius ya kizazi cha tatu walichukulie hili kwa uzito, maana njia zake za kurudisha moshi kwenye injini huziba masizi, na gasketi huharibika mara nyingi.

Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, huku vijiti vya chaji vikishuka na kupanda haraka, shuku betri kubwa.

Fundi akikwambia ubadilishe mkanda wa nje wa injini ya Aqua, tafuta mwingine. Hauko. Pampu ya maji na kompresa ya AC zinaendeshwa kwa umeme.

3. Fuata njia za hewa

Kelele yangu ilizidi mchana wa jua kali, kwenye msongamano wa Kitengela, na asubuhi ilikuwa kimya. Hilo lilinielekeza kwenye joto. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia wavu ulio pembeni mwa kiti. Ukiendesha barabara ya vumbi madirisha yakiwa wazi, vumbi huingia humo. Feni ikilemewa, huvuma. Betri ikipata joto, kompyuta huipunguzia kazi: nguvu ya breki haihifadhiwi yote, na injini hubeba mzigo peke yake. Ndiyo maana kelele na hasara ya petroli zilikuja pamoja.

Wavu unaweza kuusafisha mwenyewe kwa mashine ya kufyonza vumbi. Feni yenyewe mwachie fundi wa haibridi. Betri hiyo ina volti 144, na inveta huzipandisha hadi 520. Usiguse nyaya za rangi ya machungwa. Fundi anayejua kazi huvaa glavu za umeme, kisha huchomoa plagi ya usalama kabla ya kugusa kingine.

Yangu ilifunguliwa, mapanga ya feni yakakutwa yameganda vumbi. Ilipooshwa, mvumo uliisha na petroli ikarudi karibu na ilivyokuwa. Tangu hapo nafunga madirisha kwenye vumbi na kuwasha AC. Kichujio cha hewa cha injini nacho nakikagua mapema kuliko kitabu kinavyosema, na oili naweka 0W-20.

4. Sasa ndipo usome kompyuta

Chomeka kifaa cha OBD2 chini ya usukani na utumie programu kama Dr. Prius. P0300 hadi P0304 ni injini kumisi. P0A80 inaonyesha betri kubwa imechoka, lakini usiishie hapo. Endesha ukipanda mlima huku mwenzako akitazama volti za kila bloki ya betri. Bloki moja ikianguka mbali na nyingine gari likivuta, betri ina ugonjwa kweli. Zikienda pamoja, rudi kwenye feni, plagi na breki.

Betri ndiyo gharama kubwa kuliko zote hizi. Kabla ya kuilipia, mwambie fundi akuonyeshe volti za bloki zote gari likiwa barabarani, na feni ikiwa imeshasafishwa.