Udhibiti wa Matoleo: Kutoka Miswada hadi Maikrokontrola

Mhakiki wa tenzi hukabiliwa na nakala zinazohitilafiana asijue ipi ilitangulia. Tatizo hilo limo pia katika maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Chipu hubeba programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine; haidhihirishi ilitokana na toleo lipi la msimbo. Git, iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la mwandishi, tarehe na kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40. Kitambulisho hicho kikitiwa ndani ya programu, kifaa kikikorofika fundi atajua asome msimbo upi. Makala haya yanapendekeza nidhamu hiyo kwa wahifadhi wa miswada: toleo jipya lisifute la awali, na kila badiliko lielezwe sababu yake.