Upole kwa Mnyama Agomaye Kupanda Chomboni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wanyama wa kufuga akawatiisha kwa mwanadamu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo hili ni katika mambo yadhaniwayo kuwa madogo, hali ya kuwa ndani yake mna haki tatu: haki ya Mwenyezi Mungu, haki ya mwenye mali, na haki ya mnyama asiyeweza kusema.

Jua ya kuwa watu wa pwani hii, tangu Mikindani na Mtwara hata Msimbati na mlango wa Ruvuma, wana haja ya kuvusha wanyama. Mbuzi, ng'ombe na punda huhitaji kupita maji kwa mashua, au kupanda lori kwenda mnadani. Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, limerahisisha njia ya kwenda Msumbiji kwa watu wa bara, walakini liko mbali na pwani. Na ikiwa chombo ni mashua au ni lori, jambo ni moja: mnyama hufika ukingoni akasimama, akakaza miguu, akakataa. Hapo ndipo desturi mbaya huingia. Mmoja huvuta kamba, wa pili hupiga fimbo, wa tatu hupinda mkia, na wote hupiga kelele. Mnyama huingia na jeraha, au huvunjika mguu, au huanguka majini. Na mara nyingine mtu ndiye aumiaye.

FASLI YA KWANZA: ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Katika Sura ya An-Nahl, tangu aya ya 5 hata ya 8, Mwenyezi Mungu ametaja neema ya wanyama: joto la mavazi, chakula, na kubeba mizigo mpaka miji ambayo watu wasingeifikia ila kwa mashaka makubwa, kisha akataja farasi, baghala na punda. Na mazingatio ni haya, kwamba aya ya 7, ambayo ndiyo aya ya mizigo, imekhitimishwa kwa kumtaja Mola kuwa ni Mpole, Mwenye kurehemu. Basi apewaye neema na Mpole haimpasi kuitumia kwa ukali.

Na katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) alimpanda ngamia mwenye ugumu, akawa akimrudisha huku na huku. Mtume (S.A.W.) akamuamuru awe mpole, na maana ya maneno yake ni kuwa upole ukiwamo katika jambo hulipamba, na ukiondolewa huliharibu. Hadithi hii watu huitaja sana katika malezi ya watoto na maneno ya mume na mke, nayo ni kweli huko pia. Lakini katika mapokezi haya sababu yake ilikuwa mnyama asiyetaka kwenda.

Tena imekatazwa kumpiga mnyama usoni, kama alivyopokea Jabir (R.A.). Na Shaddad bin Aws (R.A.) amepokea amri ya kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ikiwa mnyama anayekatwa roho saa ile ana haki ya kustareheshwa, basi yule anayesafirishwa tu ana haki zaidi.

Na vijana wa madrasa wasomao Matni ya Abu Shujaa wanajua kuwa masharti ya mnyama kwa mwenyewe ni kumlisha, na kutomkalifisha kazi asiyoiweza.

FASLI YA PILI: KISA CHA MWAKA 1866

Kuna kisa kilichotukia pwani hii hii. Mwezi wa Machi mwaka 1866 msafiri wa Kiskoti, David Livingstone, aliondoka Unguja kuja Ruvuma. Yeye alipanda manowari, na wanyama wake wakatiwa katika jahazi: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kuhimili mbung'o, ambao ndio sababu farasi na ng'ombe walikuwa adimu katika nchi za huku.

Walipofika mlango wa Ruvuma wakaona mikoko na matope, wala pasipo mahali pa kuteremshia ngamia. Ikawalazimu kurudi kaskazini mpaka ghuba ya Mikindani, na huko ndiko wanyama waliposhushwa. Baada ya kushuka, nyati mmoja akampiga punda pembe, jeraha likawa kubwa hata punda yule akauawa. Ndipo wakakata ncha za pembe za nyati. Msafara ulipoingia bara, Livingstone aliandika katika shajara yake malalamiko mengi juu ya askari wake waliowatwisha wanyama kupita kiasi na kuwapiga, na wengi wakafa njiani. Mbung'o walikuwako, lakini fimbo nazo zilikuwako, hata haikuwa wepesi kujua ni lipi lililoua.

Katika kisa hiki mna mafundisho matatu. La kwanza, ufuo huchaguliwa kabla ya safari, si baada yake. La pili, wanyama wa jinsi mbalimbali hutenganishwa kabla ya madhara. La tatu, mnyama aliyeteswa mwanzo wa njia hafiki mwisho wake.

FASLI YA TATU: SABABU YA MNYAMA KUGOMA

Wengi husema: huyu ni mkaidi. Na aghalabu si ukaidi, bali ni hofu. Macho ya ng'ombe, punda na farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona pande zote mbili kwa upana. Lakini mbele yake hawezi kupima kina upesi, mpaka ainamishe kichwa atazame, na nyuma yake kabisa haoni. Akiletwa mbele ya ubao uliolazwa juu ya maji, huona ufa na mwanga unaocheza, asijue kama ni shimo au ni ardhi. Akitia kwato, ubao hulia kwa sauti ya utupu na kutikisika. Ndani ya lori huona giza. Tena katengwa na wenziwe, naye ni kiumbe wa kundi.

Basi akivutwa kwa nguvu, mwili wake humwambia avute kwa kurudi nyuma. Na akipigwa hapo, moyo wake hushika kuwa chombo ndicho kilichomuuma. Safari ya pili atagoma mbali zaidi kuliko ya kwanza. Hivyo mwenye kupiga huokoa robo saa leo, akapoteza saa nzima kesho.

FASLI YA NNE: NAMNA YA KUMPAKIA

Kwanza, wakati na mahali. Pachaguliwe ufuo wa mchanga mgumu, mbali na matope ya mikoko. Ikiwezekana, mashua ikae mchangani maji yakiwa yamekupwa, itiwe miti ya gadi kila ubavu isilale wala kutikisika. Mnyama aingie chombo kikiwa kimetulia, kisha maji yakijaa kielee naye tayari ndani. Na lori lisimamishwe penye mwinuko, ili njia ya kupandia isiwe mkwezo mkali.

Pili, ubao wa kupandia. Uwe mpana na imara, ufungwe usiteleze, umwagiwe mchanga au utandazwe nyasi ili usilie wala usiteleze. Kila upande uwekwe kizuizi cha makuti, ili mnyama asione maji chini wala asitoke kando.

Tatu, mazoezi. Siku chache kabla ya safari ubao ule ulazwe nchi kavu, mnyama apitishwe juu yake, apewe majani upande wa pili. Anayejua ubao nchi kavu hautishiki sana pwani.

Nne, mwenza. Atangulizwe mnyama mtulivu aliyezoea, na yule mwoga afuate nyuma yake. Mara nyingi hili peke yake hutosha.

Tano, kamba. Mwenye kuongoza asimame mbele na kando kidogo, si mbele kabisa asije akakanyagwa. Kamba asiizungushe mkononi, kwani mnyama akishtuka humburura. Aikaze kidogo, asubiri. Mnyama akipeleka hata unyayo mmoja, ailegeze mara hiyo hiyo, amsifu kwa sauti ya chini. Kulegeza huku ndiko somo lenyewe: mnyama hufahamu kuwa raha iko mbele. Akitaka kuinamisha kichwa anuse ubao, aachwe anuse. Na akirudi nyuma, asipigwe. Aelekezwe upya, waanze tena.

Sita, watu. Mmoja tu ndiye aseme. Asiwepo mtu wa kusimama nyuma kabisa ya mnyama, maana hapo ndipo teke lilipo. Watoto na mbwa waondolewe.

Saba, akisha ingia. Afungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kamba iwe fupi asiweze kuitia mguu, wala isiwe fupi akakosa kusawazisha kichwa. Katika mashua awekwe katikati, penye kina, wala asiwekwe upande mmoja. Wenye pembe watengwe na wasio nazo. Na kabla ya kung'oa nanga, apewe muda pumzi yake itulie.

Na nahodha asisahau kuondoka kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama alivyofundishwa Nabii Nuhu (A.S.) katika Sura ya Hud, aya ya 41, baada ya kuamrishwa kupakia katika kila kiumbe jozi.

FASLI YA TANO: MAS'ALA

Swali: Je, ni haramu kabisa kumtia mnyama fimbo?
Jawabu: La. Yajuzu kwa kadiri ya haja na desturi, pasipo kujeruhi wala kupiga usoni. Lakini panapofaa kungoja, haja haijathibiti bado.

Swali: Mtu aliyekodi punda akampiga au akamvuta hatamu, punda akafa, je, atalipa?
Jawabu: Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa akimpiga au kumvuta kupita desturi, dhamana iko juu yake. Na mchukuzi aliyeajiriwa ni mwaminifu, halipi ila akivuka mpaka. Basi mabaharia wanaovunja mguu wa ng'ombe wa watu kwa haraka yao wasiseme ni kadari. Kadari haiondoi deni.

Swali: Ng'ombe wa udhhia akivunjika mguu wakati wa kupakiwa, je, atatosha?
Jawabu: Hatatosha, kwa kuwa kilema kilicho dhahiri ni katika aibu nne zilizotajwa katika hadithi ya Al-Baraa bin Azib (R.A.). Akiwahiwa kuchinjwa akiwa hai, nyama yake ni halali kwa kula. Akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga. Na ng'ombe mmoja hutosha kwa watu saba. Basi tazama jinsi pigo moja la hasira ufuoni linavyoweza kubatilisha ibada ya nyumba saba, siku ambayo sokoni hakuna ng'ombe mwingine.

KHATIMA

Haraka haina baraka, na maji ya kujaa hayaharakishwi kwa fimbo. Mwenye mnyama amngoje kama anavyoyangoja maji. Akiingia chomboni kwa miguu yake mwenyewe, mali imesalimika, mtu amesalimika, na mnyama hatakuwa na la kushitaki Siku ambayo haki hurudishwa kwa wenyewe, hata mbuzi asiye na pembe alipiwe kisasi chake kwa mwenye pembe.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa katika wenye huruma. Amin. Wallahu aalam.