Somo: Kuondoa neoni za zamani na kuweka za LED, nyumbani na kwenye depo



Katika nyumba nyingi zenye umeme, na katika depo zetu za mahindi na maharagi, kungali taa ndefu za neoni za zamani. Zinapepesa, zinanguruma, na miisho yake inakuwa nyeusi. Leo tunajifunza kuweka neoni za LED mahali pake, bila kupoteza pesa na bila mtu kupigwa na umeme.

Faida iko wapi?

Neoni ya zamani ya sentimeta 120 imeandikwa wati 36. Lakini ndani ya rigleti kuko pia balasti, kile chuma kizito kinachopata moto, nayo inakula yake. Zote pamoja zinafika karibu wati 45. Neoni ya LED ya urefu ule ule inakula karibu wati 18.

Tuhesabu pamoja. Nyumba yenye neoni 4 zinazowaka saa 5 kila usiku:
– za zamani: 45 × 4 × 5 = wati-saa 900;
– za LED: 18 × 4 × 5 = wati-saa 360.
Kila usiku tunabakiza 540. Kwa siku 30, ni kilowati-saa 16 na kidogo. Zidisha na bei munayolipa kwenu, kisha linganisha na bei ya neoni mpya.

Kwa wenye sola: batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Tukiilinda, tunatumia nusu tu, ni kusema 600. Neoni 4 za zamani zinamaliza nusu hiyo kwa saa 3 na kidogo; za LED zinafika saa 8. Onduleri nayo inakula sehemu yake, basi ondoa kidogo pande zote mbili.

Aina mbili za neoni za LED

1. Inayokubali balasti. Ni ya rigleti yenye balasti ya chuma na starteri. Unaondoa neoni na starteri ya zamani, unaweka neoni ya LED pamoja na starteri yake iliyokuja kwenye karto. Waya haziguswi. Kama rigleti haina starteri, njia hii haifai.

2. Ya moja kwa moja. Hapa balasti inatolewa na waya zinabadilishwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme. Neoni zingine zinapokea faze na netre upande mmoja. Zingine faze upande huu, netre upande ule. Fuata mchoro ulio kwenye karto, maana waya zikikosewa zinaweza kuungana na kuwaka. Neoni isiyo na mchoro, tusiinunue.

Namna ya kufanya kazi

1. Zima kwenye dijonktere, siyo kwenye kitufe cha ukuta tu. Kuko nyumba ambamo kitufe kinakata netre, faze inabaki kwenye rigleti: taa imezimika, lakini umeme ungali pale. Zima pia jenereta na onduleri.
2. Weka mtu karibu na dijonktere, ili asipite mwingine akawasha.
3. Panda kwenye ngazi, siyo juu ya mifuko ya mahindi. Pima waya kabla ya kugusa.
4. Zungusha neoni robo ya duara, kisha ivute polepole.
5. Kama waya zimebadilishwa, andika kwenye rigleti: LED TU. Mtu akirudisha pale neoni ya zamani kesho kutwa, inaweza kuungua ao kupasuka.

Neoni za zamani ziende wapi?

Ndani yake kuko zebaki kidogo, na zebaki ni sumu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kumaliza kutengeneza neoni hizi, na kuziingiza ao kuzitoa nchi kwa nchi, kufikia mwisho wa 2027.

Musizivunje, musizichome, na musizitupe katika shimo la mbolea: kilicho katika mbolea kinarudi shambani. Muziweke nzima ndani ya karto, mbali na watoto na mbali na chakula, mpaka mupate mahali panapozipokea.

Ikipasuka: watu watoke, fungua milango na madirisha, ngoja dakika 15. Usipige fagio, maana inatawanya sumu. Kusanya vipande kwa karatasi gumu, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, tia vyote ndani ya chupa yenye kifuniko. Nafaka iliyokuwa wazi chini yake isiliwe, wala isipewe kuku.

Ya kujadili katika kikundi

– Depo yetu iko na rigleti ngapi? Ngapi ziko na starteri?
– Nani kati yetu anajua dijonktere iko wapi? Akikosekana, nani mwingine?
– Neoni za zamani tutazitunza wapi, na funguo itabaki kwa nani?