Kufundisha Stadi za Kijamii kwa Vijana Wenye Usonji: Je, Ubongo Hubadilika?

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, aghalabu hutusimulia habari za mwanafunzi wa darasa la sita au la saba aliye hodari katika hesabu, lakini wakati wa mapumziko husimama peke yake kando ya ukuta. Akijaribu kuzungumza na wenzake huwakatiza ghafla kwa habari za jambo alipendalo yeye, nao humcheka. Kisha huulizwa: je, mtoto huyu aweza kufundishwa namna ya kupata rafiki, au ndivyo alivyoumbwa, basi? Tutalijibu swali hilo kwa kutazama uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya vijana wenye usonji, yaani wale ambao ubongo wao, tangu utotoni, huyapokea maneno, ishara na nyuso za watu kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi.

Mafunzo yaliyochunguzwa huitwa PEERS. Yalitungwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Vijana hukutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 14, na wakati huo huo wazazi wao hufundishwa katika chumba kingine ili wawasaidie kufanya mazoezi nyumbani. Kila juma kuna kazi ya kufanya, nayo hukaguliwa.

Linalotuvutia sisi walimu ni njia yake. Mambo ambayo watoto wengi huyaokota wenyewe uwanjani, hapa hukatwa vipande vidogo na kufundishwa waziwazi kama tufundishavyo kugawanya kwa njia ndefu. Chukua jambo la kujiunga na watu wanaozungumza. Kijana huambiwa kwanza asimame karibu, lakini si karibu mno, asikilize ni nini kinachozungumzwa. Ikiwa jambo lenyewe halijui, asiingie. Ikiwa analijua, angoje hadi mazungumzo yatulie kidogo, ndipo aseme neno linalohusu jambo lilo hilo. Akiona wamemgeuzia mgongo, aondoke kwa utulivu. Walimu huigiza kwanza namna mbaya, kisha namna njema, halafu vijana hujaribu wenyewe.

Tena sheria hizo hazikutokana na mawaidha ya wakubwa. Sisi wakubwa hupenda kumwambia mtoto anayedhihakiwa, "Wapuuze," au "Kamwambie mwalimu." Watungaji walitazama vijana wanaokubaliwa na wenzao hufanya nini hasa, wakaona kwamba hutoa jibu fupi, mfano wa "Kwani vipi?", la kuonyesha kwamba dhihaka haikuwachoma, kisha huenda zao. Hilo ndilo linalofundishwa.

Sasa tuje kwenye ubongo. Ubongo hutoa umeme mdogo sana, nao huweza kupimwa pasipo maumivu kwa vipokezi vinavyowekwa juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger wa Ujerumani alikuwa wa kwanza kuunasa umeme huo kwa binadamu, mwaka 1924. Wataalamu wengi huhusisha nguvu ya upande wa kushoto na hamu ya kuliendea jambo, na nguvu ya upande wa kulia na tabia ya kujitenga. Amy Van Hecke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, waliwagawa vijana wenye usonji kwa kura: baadhi wakapata mafunzo mara moja, wengine wakangoja zamu yao. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2013. Kwa waliofunzwa, nguvu ya mawimbi yaitwayo gama ilihama kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, hata kwa kipimo hicho wakawa hawatofautiani tena na vijana wasio na usonji. Mabadiliko hayo hayakuonekana kwa waliokuwa wakingoja. Na wale ambao upande wa kushoto ulitawala zaidi ndio waliokutana na wenzao mara nyingi zaidi.

Yafaa tusiyatie matokeo haya chumvi. Hayasemi kwamba usonji umeponywa, wala kipimo cha umeme si kipimo cha urafiki. Yanatuonyesha kwamba ubongo wa kijana wa miaka kumi na kitu bado hufinyangika kwa mafunzo.

Wala tusidhani kwamba upungufu wote uko kwa mtoto. Mwaka 2012 Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walionyesha kwamba watu wenye usonji walipopashana habari wao kwa wao waliifikisha vema sawa na watu wengine. Habari ilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Kwa hiyo darasa zima lina la kujifunza.

Kwetu, mtoto hufundishwa "shikamoo" waziwazi: neno, wakati wake, na wa kuambiwa. Lakini namna ya kuomba kuingia katika mchezo wa wenzake hafundishwi na mtu. Mwanachuo aanzie hapo. Atazame kwanza, kwa siku kadhaa, watoto wa shule ile huingiaje mchezoni, maana sheria za Los Angeles huenda zisifae uwanjani petu. Kisha azipange hatua, aziigize mbele ya darasa zima bila kumtaja mtoto yeyote, na kumtafutia yule wa kando ya ukuta mwenzi mmoja apendaye alipendalo yeye.