SOMO LETU: GARI LA KIKUNDI NA MASEGA YA EKZOSI

Ndugu wanakikundi, vikundi kadhaa sasa vina pikapu au matatu ya petroli iliyotumika Japani. Ukilala chini ya gari kama hilo utaona, kwenye bomba la ekzosi kabla ya sailensa, mkebe wa chuma. Mafundi huuita masega, kwa vile ndani mna vitundu vingi kama sega la asali. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya bei kali: platinamu, paladiamu na rodiamu. (Pikapu nyingi za zamani za dizeli hazina.)

Kazi yake ni nini? Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Ikipita kwenye masega yaliyopata moto, nyingi hugeuzwa kuwa kaboni dioksaidi. Zamani petroli yetu ilitiwa risasi, na risasi huharibu masega. Tangu mwaka 2006 Kenya haiuzi tena petroli hiyo, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea, gari lao lilishindwa kupanda mlima. Fundi akasema, "Masega yameziba, tuyatoe tu." Akakata, akachomelea bomba tupu, akalipwa, akaenda na masega. Mwekahazina hakuandika kitu, alidhani ni takataka. Kumbe kuna watu wanaoyanunua kwa ajili ya yale madini. Yaani walimlipa mtu achukue mali yao!

Tena bomba lilichomelewa vibaya, likawa linavuja chini ya bodi. Siku ya mvua, akina mama wakiwa nyuma na turubai limefungwa, walifika sokoni wakiumwa kichwa, mmoja anatapika. Walisema ni malaria. Waliposhuka wakapata hewa, wakapoa. Mimi bado nashtuka nikifikiria kama safari ingekuwa ndefu.

Masega hayazibi bure. Labda injini inakula oili, au plagi haichomi vizuri na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka yayeyuke. Ukiyatoa bila kutengeneza injini, ugonjwa umebaki pale pale. Basi fundi aangalie plagi na oili kwanza, na mwanakikundi mmoja asimame hapo akiona. Kama masega yamekufa kweli, tafuteni mengine yanayofaa gari hilo. Yale ya zamani yarudi kwa kikundi, yaandikwe kitabuni, na yakiuzwa risiti iletwe mkutanoni. Bomba likiguswa, washeni injini gari likiwa nje, msikilize kama linavuja kabla ya kupakia watu. Tena msiegeshe juu ya nyasi kavu, mkebe ule huwa na moto mkali.

Maswali ya kuzungumzia:
Ni nani katika kikundi chetu huenda na gari gereji?
Vitu vya zamani vilivyotolewa kwenye gari letu viko wapi?